Mmeziruka siku kumi za maiti ya Awdah

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili tangu nilipoajiriwa ualimu, na tangu hapo sijawahi kuwaandikia hata mstari. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa ajili ya ile makala yenu ya Jumapili kuhusu wanaharakati wa amani waliouawa huko Israeli na Palestina. Mlipofika kwa Awdah Hathaleen mliandika kwamba "alifariki katika vurugu Julai 2025 na baadaye akazikwa." Mkaweka nukta, mkahamia kwa mwingine.

Hakufariki, Mhariri. Aliuawa. Miaka thelathini nimefundisha Kiswahili, na sentensi hiyo ningeirudisha kwa mwanafunzi aiandike upya. Awdah alikuwa mwalimu kama mimi, akifundisha Kiingereza katika shule ya kijijini kwao Umm al-Khair, kusini mwa Hebron, kwenye Ukingo wa Magharibi. Jina hilo maana yake ni Mama wa Kheri. Alikuwa na miaka 31 na watoto watatu wadogo. Julai 28 mlowezi mmoja, yaani Mwisraeli anayeishi kwenye ardhi ya Wapalestina inayokaliwa, aliingiza katapila kijijini, na ndugu yake Awdah akapigwa na mkono wa katapila hiyo. Awdah mwenyewe alikuwa amesimama mbali kidogo, kwenye uwanja wa kituo cha jamii, akirekodi kwa simu. Mnajua simu ile ilichokinasa? B'Tselem, shirika la haki za binadamu la Israeli kwenyewe, liliitoa picha hiyo hadharani. Anaonekana mtu mwenye bastola akielekeza mkono, mlio unasikika, kisha picha inayumba na kuanguka. Mtu aliyerekodi risasi iliyomuua, ninyi mnamwandikia "alifariki katika vurugu"! Mtuhumiwa, mlowezi huyo huyo ambaye Marekani ilimwekea vikwazo mwaka 2024 kisha ikamwondolea mwaka uliofuata, alisema alijihami. Akafungiwa nyumbani kwake siku chache, akaachiwa.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni hilo neno lenu "baadaye". Baadaye lini? Maiti ya Awdah ilizuiliwa siku kumi. Mamlaka za Israeli zilitaka azikwe usiku, waombolezaji wasizidi 15. Familia yake ikakataa. Wanawake zaidi ya 60 wa kijiji wakagoma kula mpaka warudishiwe ndugu yao. Kwenye hema la msiba wanajeshi waliingia, wakatangaza kwamba hapo ni eneo la kijeshi, wakawatoa waandishi wa habari na wageni waliokuja kuhani, miongoni mwao Wayahudi waliokuwa rafiki zake wa miaka mingi. Maiti ilitolewa Agosti 7. Hata siku hiyo njia zilizuiwa, wengi hawakufika mazikoni. Mwislamu tunamharakisha kaburini, mnalijua hilo, nusu ya chumba chenu cha habari wamelelewa hivyo. Siku kumi zote hizo mmezimeza kwa neno moja.

Mimi siku nne tu zilinitosha. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aligongwa akiwa kwenye bodaboda, akalazwa wiki tatu, akafa alfajiri ya Jumatatu mwezi Aprili 2016. Hospitali, ambayo siitaji, ikasema hatumchukui mpaka tulipe shilingi 1,870,000. Nilisimama kwenye dirisha la malipo na karatasi mkononi, binti wa ndani akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, mfumo hauniruhusu." Nyumbani turubai limeshafungwa, watu wamejaa, kaburi limechimbwa tangu saa nne asubuhi. Usiku mvua ya masika ikashuka. Mwanandani ukaporomoka. Vijana wa mtaani wakashinda wakichota maji kaburini kwa ndoo za plastiki, wanachimba tena, wanafunika kwa mabati, na mvua inarudi. Mama yangu alikuwa amekaa mkekani, ameipakata sanda ikiwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni, na kila gari likipita barabarani ananyanyua kichwa. Hakula. Tukauza mashine ya kukoboa kwa bei ya kutupa, ukoo ukachanga, tukamzika Alhamisi magharibi. Mama hakuwahi kuwa yule tena. Kwa hiyo nikisoma kwamba wanawake wa Umm al-Khair waligoma kula, mimi ninao uso wa kuwawekea.

Na hapa hapa niwaulize, kwa nini hamuandiki habari za maiti zinazozuiliwa kwenye hospitali zetu kwa ajili ya deni? Viongozi wameshakemea mara kadhaa, nanyi mmeyachapisha makemeo hayo kwa herufi kubwa. Halafu mnamtuma nani akaulize mochwari wiki inayofuata? Mkiandika, mnaandika siku waziri aliposema. Familia iliyokaa chini ya turubai bila maiti siyo habari kwenu mpaka kiongozi apite.

Msiseme pia kwamba mambo ya huko yako mbali. Kijana wetu Mtanzania aliyekwenda Israeli kujifunza kilimo aliuawa Oktoba 7, 2023, na maiti yake ikashikiliwa na wapiganaji wa Kipalestina huko Gaza miaka miwili, ikarudishwa Novemba 2025. Wazazi wake walikuwa hapa hapa nchini, wakingoja. Israeli nayo inashikilia maiti za Wapalestina, na Mahakama yake ya Juu mwaka 2019 iliruhusu zitumike kwenye majadiliano ya kubadilishana. Pande zote mbili zimeigeuza maiti kuwa rehani, na sisi tunafanya yayo hayo kwa risiti. Naliona ni jambo moja, na nitazidi kuliona hivyo hata mkiniita mzee wa malalamiko.

Ninachoomba ni hiki. Ukurasa wa kwanza, kona ya juu kulia, pale mnapoweka bei ya gazeti, tengeni kisanduku kidogo. Kila mnapopata habari ya maiti inayozuiliwa, iwe na jeshi, iwe na kundi la wapiganaji, iwe na mhasibu wa hospitali, andikeni humo jina lake kama ndugu zake wameridhia, umri wake, na idadi ya siku. Kesho yake ongezeni siku moja. Kisanduku kisiondoke mpaka siku anayozikwa, na siku hiyo muandike saa aliyozikwa. Wino wake haufiki hata wa tangazo la vocha.

Na sentensi ile ya Jumapili isahihisheni. Andikeni: Awdah Hathaleen, mwalimu, aliuawa kwa risasi Julai 28, 2025, maiti yake ikazuiliwa siku kumi.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga