Kabla ya kulaumu mazuti, shika mpira wa radiateri

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya ndugu shofere wa Ruashi mliyoichapisha wiki iliyopita. Anasema Hiace yake ya njia ya Likasi inatoa moshi mweupe, inakunywa mazuti, yaani dizeli, kupita kawaida, na sindano ya joto haipandi hata akifika katikati ya safari. Hukumu yake: wauzaji wa barabarani wanachanganya mazuti. Siwatetei, wachanganyaji wapo. Lakini mazuti mabaya hayalazi sindano ya joto. Sindano hiyo ndiyo inayotaja ugonjwa, naye ameigusia kwa mstari mmoja tu.

Mimi ni fundi wa injini za mazuti hapa Katuba. Kila Juni baridi ikianza, magari ya namna hii hujaa garajini, mengine yamezibwa katoni mbele ya radiateri. Nikifungua mahali pa termostati, ile kalorstati yetu, mara nyingi nakuta patupu. Gari lilichemka wakati wa joto la Oktoba, fundi akaing'oa na kumwambia mwenye gari, “Hii ni ya Ulaya, huku hatuna theluji.” Theluji inahusu nini? Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye radiateri mpaka yafike digrii 82 hivi, au 88 kwa injini nyingine. Injini ya mazuti haina joto la kutapanya, hasa ikinguruma bila mzigo. Ikipozwa tangu inapowashwa, mazuti hayaungui yote: mengine yanatoka moshi unaochoma macho, mengine yanateremka kwenye mafuta ya injini. Vuta kijiti cha kupimia. Kama mafuta yamepanda na hujaongeza kitu, yanuse. Mafuta yenye mazuti ndani hayalindi ringi wala silinda.

Tena kuna injini ambazo termostati ikifunguka huziba njia fupi ya maji. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita radiateri, na gari lile lile lisilopata moto asubuhi linachemka mlimani likiwa na mzigo.

Basi ndugu yangu, kabla ya kununua chochote: alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, kisha shika mpira wa juu wa radiateri, mikono mbali na feni. Mpira ubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu upate moto kwa ghafla. Ukiona unapata joto polepole tangu mwanzo, termostati imekwama wazi au haipo. (Kama termostati yako imewekwa upande wa chini, shika mpira wa chini.) Ukipata moto mpaka mkono unakimbia na sindano bado imelala, iache termostati, tafuta sensa na waya wake. Sikiliza na feni: ikivuma bila kupumzika hata injini ikiwa baridi, huenda klachi yake imekwama.

Termostati ukishaitoa, itie kwenye sufuria ya maji juu ya makaa, pamoja na kipimajoto. Kwenye maji baridi iwe imefunga kabisa, bila mwanya. Maji yakipata moto, nta iliyo ndani yake inavimba na kuisukuma ifunguke. Hapa kwetu, mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, maji huchemka kabla ya digrii 100, lakini yanatosha kuiona ikianza.

Mafundi wenzangu, gari likichemka tafuteni sababu: radiateri iliyoziba, kifuniko kisichoshika presha, pompa ya maji iliyochoka. Na aliyeing'oa termostati aandike hivyo kwenye fakitire, ile karatasi ya malipo, mwenye gari ajue.

Ndugu wa Ruashi akipima akakuta yake ni nzima, aandike tena. Hapo tutazungumza habari za wauzaji.

Fundi wa mazuti,
Katuba, Lubumbashi