Dada wa kwenye benchi, asante sana

Sisi ni akina mama wakaanga samaki, huku Pwani. Tuliomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, isiyo na riba. Maombi yakarudishwa: katiba ya kikundi haikutaja watia saini wa benki. Wenzetu wawili wakataka kujitoa.

Tukiwa tumekaa kwenye benchi pale ofisini, dada mmoja, aliyekuja kwa shida zake mwenyewe, akaomba aione katiba. Akaisoma kifungu kwa kifungu, akimuuliza mweka hazina wetu kila kitu kwa upole, akaandika kile kilichokosekana kwa mkono wake, kisha akatupeleka kwa afisa maendeleo ya jamii. Hata soda alikataa.

Mkopo umetoka, friza tumenunua. Dada yetu, Mungu akuzidishie. Nanyi mnaoyajua makaratasi haya, wasogeleeni akina mama mnaowakuta kwenye mabenchi yale.