Ile 44, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, lakini nasikia ninayoandika huku unayasoma. Basi soma na haya.

Bado naiona asubuhi ya kicheni pati yako. Wewe umelala, uani shangazi wanamenya vitunguu, nami nimekushika mkono nahesabu mapigo kwa saa ya ukutani, dakika nzima. 44. Ukatabasamu: "Dada, nimekushinda." Vidole vyako vilikuwa vya baridi, na ilikuwa Januari, Dar es Salaam! Nikanyamaza. Jioni ukaanguka mbele ya wageni, ndipo nikapiga kelele kwamba wiki sita unaishi kwa chai ya rangi na matango. Mama mkwe wako amekaa pale pale. Hilo hujanisamehe. Mimi nisichojisamehe ni ule ukimya wa asubuhi.

Maana kuhesabu nilikufundisha mimi. Nilipopungua kilo 11 kwa mwaka mzima wa kutembea kila alfajiri, mapigo yangu yalishuka kutoka 84 hadi 70, na kila wiki nilikutangazia kama matokeo ya mtihani. Sikukudanganya. Mwili ukipungua, moyo unakuwa na kazi ndogo. Na moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi kwa kila pigo, hauna haja ya kukimbia. Wapo wanariadha wenye 40 na kitu, wazima kabisa. Ila sikukwambia kwamba njaa nayo inashusha. Mwili usiolishwa hubana matumizi: moyo unapunguza mwendo, ngozi inapoa, mwanamke anakosa siku zake. Minnesota, Marekani, mwaka 1945, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya kwa miezi sita. Mapigo yao yalishuka kutoka 55 hivi hadi karibu 35. Walikuwa wamechoka, wanasikia baridi, wanawaza chakula usiku na mchana.

Wewe hata dukani ulikuwa unatuma mtoto. Hiyo 44 ingetoka kwenye mazoezi gani? Ningejiuliza hivyo, lakini nilikuwa nimeingia kutoka safari usiku ule, na wewe hukusema kitu. Na nilichosema mbele ya wageni kilikuwa kweli. Daktari aliyekupokea alitakiwa akisikie. Nani mwingine angesema?

Nasikia umeanza tena kuruka milo. Tafadhali. Mtu mzima akiwa ametulia huwa kati ya 60 na 100. Ukishuka hapo na kichwa kinazunguka, au unazimia, au kifua kinabana, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri mumeo arudi.

Kesho kabla hujanyanyuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Dole gumba lenyewe usilitumie kupimia, lina mapigo yake. Hesabu dakika moja, kisha nitumie namba. Salamu acha.