Tangi la oska lipimwe kwa samaki mzima

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo.

Barua yako nimeipata na imenifurahisha sana kusikia kwamba nawe umeingiwa na hamu ya kufuga sikilidi wakubwa, wale samaki wa jamii ya sato na perege wanaofugwa kwenye tangi la kioo. Unasema umeahidiwa tangi la urefu wa sentimita 120, upana 40 na kimo 50, na kwamba nia yako ni kuweka sikilidi wanne: oska wawili, jagwa mmoja na midasi mmoja. Sitazunguka. Tafadhali usiwanunue hao wanne. Tangi hilo halimfai hata mmoja wao akishakuwa mkubwa, na ukiwaweka pamoja, mwisho atabaki mmoja tu, naye akiwa na majeraha.

Tuanze na hesabu. Zidisha urefu, upana na kimo, kisha gawanya kwa 1,000, unapata lita 240. Ondoa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu usiyoijaza, maji yenyewe yatakuwa kama lita 200. Sasa mfikirie oska mzima, ambaye hufika sentimita 30 na wengine 35. Mtazame anapogeuka katika upana wa sentimita 40. Hapindi kwa mkunjo mmoja kama afanyavyo penye nafasi. Anasimama, anarudi nyuma kidogo kwa mapezi ya kifuani, anaukunja mwili, na mkia unapangusa kioo. Kisha anaogelea urefu wa miili mitatu na ushei, anakutana na kioo kingine, anaanza tena. Hayo ndiyo yatakuwa maisha yake kwa miaka kumi au zaidi, maana oska aliyetunzwa vizuri huishi muda mrefu.

Kinachowaponza wengi ni kwamba dukani samaki hawa huuzwa wakiwa na sentimita tano. Kumi wanaelea kwenye tangi dogo, wapole, macho makubwa, unadhani watatosha popote. Lakini oska mchanga akilishwa vizuri huongezeka sentimita mbili au zaidi kila mwezi, na kabla ya kutimiza mwaka mara nyingi ameshavuka sentimita 20. Tena urefu peke yake hauelezi yote. Samaki akiongezeka urefu mara sita, kutoka sentimita 5 hadi 30, uzito wake huongezeka zaidi ya mara 200, kwa sababu ananenepa pia upana na kimo. Chakula chake kinaongezeka na uchafu anaotoa unaongezeka. Ndiyo maana ile kanuni ya kuhesabu sentimita za samaki kwa lita za maji, ambayo inasaidia kidogo kwa samaki wadogo wembamba, kwa hawa haina maana kabisa.

Utaambiwa pia kwamba samaki hukua kulingana na tangi lake. Usikubali. Anayedumaa kwenye tangi dogo amedumazwa na maji mabaya na maisha ya dhiki, na mara nyingi hafikii umri wake. Wengi hawadumai hata kidogo. Wanaendelea kukua mpaka wanashindwa kugeuka.

Kwa hiyo pima tangi kwa samaki mzima. Kwa oska mmoja, wafugaji wengi hutaja lita 280 kuwa ndicho kiwango cha chini, lakini mimi nisingeshuka chini ya sentimita 150 kwa 60 za sakafu, yaani lita 450 hivi kimo kikiwa 50. Oska wawili wape 180 kwa 60 kwa 60, ambazo ni lita 648. Jagwa, huyo Parachromis managuensis, dume lake huweza kupita sentimita 40, kwa hiyo ukubwa huo huo ni wa jagwa mmoja, peke yake. Na ukija kutajiwa ndugu yake Parachromis dovii, jibu hapana mpaka uwe na tangi la urefu wa mita 2.4 na upana unaokaribia mita moja, kwa kuwa huyo hupita sentimita 60. Angalia zaidi sakafu kuliko kimo. Tangi refu la kwenda juu linapendeza sebuleni, ila samaki hawa huishi na kugombea chini, na kimo hakimsaidii anayetaka kukimbia.

Usisahau kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 648, pamoja na vioo, mchanga, mawe na meza yake, hupita kilo 800 kwa urahisi. Kama unaishi ghorofani, ulizia sakafu kwa fundi kabla hata ya kuulizia samaki.

Sasa kuhusu kuwachanganya. Sikilidi, kama ndugu zao sato na perege, wana tabia ya kulinda mayai na watoto. Wakipevuka, kila dume hujitengea eneo, na midasi anaweza kuhesabu tangi zima la sentimita 120 kuwa lake. Ugomvi huanza kwa kutanua matamvua na kupigana kwa mkia, kisha wanakamatana midomo na kuvutana. Katika ziwa au mto, anayeshindwa huondoka. Ndani ya vioo vinne hana pa kwenda. Utamkuta asubuhi kwenye kona ya juu, nyuma ya kipasha joto, amelalia ubavu, mapezi yamebaki miiba mitupu na magamba yametoka. Ukimkuta hivyo mtoe saa hiyo hiyo, usisubiri wazoeane.

Ukitaka jozi, usinunue dume na jike wakubwa ukawatia pamoja. Nunua wachanga sita hivi, wakuze kwenye nafasi, waachie wachaguane wenyewe, kisha hamisha waliobaki. Hata baada ya hapo weka karibu kizuizi cha kugawanya tangi, kwa sababu dume aliyekuwa mpole mwezi uliopita anaweza kumgeuka jike siku anapotaka wazaane tena na jike hayuko tayari.

Lakini ushauri wangu wa dhati ni samaki mmoja. Oska mmoja kwenye tangi kubwa atakujua, atakufuata kwa macho ukipita, atasogea mbele ukikaribia. Atapanga upya mawe yake kwa mdomo kila siku, hivyo weka mawe mazito juu ya kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga, asije akachimba yakaangukia kioo.

Kuhusu maji nitasema kwa kifupi. Liendeshe tangi kwanza kwa mwezi hadi mwezi na nusu ukiwa unalitia chanzo cha amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, mpaka bakteria wa kwenye kichujio waizoee kazi yao ya kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Baada ya hapo amonia na nitriti ziwe sifuri muda wote, na nitrati ikae chini ya miligramu 40 kwa lita, ikiwezekana 20. Kichujio kipitishe maji ya tangi zima mara tano au zaidi kwa saa, na vikiwa viwili ni bora. Badilisha theluthi hadi nusu ya maji kila wiki. Oska anayekaa kwenye maji machafu huota vidonda vya matundu kichwani, na makovu yake yanaweza kubaki hata akipona. Mlishe punje nzuri za sikilidi na kamba mara moja moja. Nyama ya ng'ombe na samaki hai wa dukani usimpe: ile mafuta yake hayamfai, na hawa huja na magonjwa.

Kama tangi hilo la lita 240 limeshafika, usilirudishe. Litawafaa vizuri jozi ya Thorichthys meeki, wenye koo jekundu, wasiozidi sana sentimita 15. Au jozi ya Andinoacara pulcher, wenye vitone vya buluu vinavyong'aa pembeni. Hao nao ni sikilidi wenye akili na makeke yote unayoyapenda, wanachimba, wanalinda watoto, wanakutazama machoni.

Niandikie vipimo vya mahali unapotaka kuliweka, ukuta kwa ukuta, na uniambie kama ni chini au ghorofani. Nikishavijua nitakuchorea tangi na meza yake, na nitakutajia ukubwa wa kichujio. Samaki subiri kwanza.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako.