Hizi ofa za leza za Desemba, hesabuni miezi kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie hizi ofa za kuondoa nywele kwa leza maana ikifika Novemba simu haipumziki, kila ukifungua unakutana na "jiandae na sikukuu, lipia sasa nusu bei", afu mwezi wa tano wanarudi tena na tangazo la "summer" lenye mdada wa kizungu amejilaza kwenye mchanga. Mwezi wa tano Dar! Wakati huo huku ni mvua na matope ya masika, Jangwani pamejaa maji, summer gani hiyo jamani?

Mi nafanya waksi na kucha hapa Sinza, leza sina na siiuzi, ila wateja ni wale wale, wakitoka kwenye mashine wanapita kwangu kwa hiyo naona matokeo yao mazuri na mabaya, na mengi ya hayo mabaya ni ya kalenda tu, mtu kaanza wakati sio.

Iko hivi. Kule Ulaya na Marekani wanaambiwa waanze mwezi wa tisa au wa kumi, kwa sababu baridi inakuja, miguu inaingia kwenye suruali nzito na soksi, jua halipo, mpaka summer ifike wao washamaliza. Kwao ina akili kabisa. Leza yenyewe inatafuta rangi, ile melanini iliyoko kwenye shina la nywele, inaipasha moto mpaka shina linaungua. Sa kama ngozi nayo ina rangi nyingi, au imetoka kupigwa jua juzi, mwanga unaishia kwenye ngozi badala ya kufika kwenye nywele, na hapo ndo unapata malengelenge na mabaka. Ndio maana wanakwambia ukae mbali na jua wiki kadhaa kabla na wiki kadhaa baada.

Haya sasa chukua hiyo kalenda yao uilete Dar. Mwezi wa kumi jua linatupita juu ya utosi, na mwanzoni mwa mwezi wa tatu linarudi kupita tena, katikati hapo ndo Desemba mpaka Februari, joto la kukosa usingizi, Desemba shule zimefungwa, watu wako Kigamboni na Nungwi. Yaani ofa ya "anza sasa" ya kwetu inaangukia miezi mibaya kuliko yote ya mwaka!

Na hesabu yenyewe haitoki. Nywele haziko hatua moja, zingine zinaota, zingine zimelala, leza inazipata zile zinazoota tu kwa wakati ule, ndo maana unarudi tena na tena kila baada ya wiki 4 mpaka 8 kutegemea ni sehemu gani ya mwili. Tuseme umeambiwa mara 6, kila baada ya wiki 6: kutoka ya kwanza mpaka ya sita ni wiki 30, karibu miezi 7. Ukilipia mwisho wa Novemba, Krismasi inakukuta na sesheni moja tu, nywele zinadondoka baada ya wiki moja mbili tatu hivi unafurahi, afu zile zilizokuwa zimelala zinaamka unasema umeibiwa. Ila ukianza mwanzo wa Aprili, masika yameshika, unapitia kipupwe cha Juni na Julai ambapo hata sweta watu wanavaa asubuhi, unamaliza mwanzo wa Novemba na Desemba yako unaenda nayo baharini umetulia. Jua lipo hata kipupwe sikatai, mawingu nayo hayazuii miale yote, kwa hiyo sanskrini paka tu, lakini afadhali iko wazi.

Januari iliyopita kaja mdogo wangu mmoja, mteja wa siku nyingi, anataka nimsugue miguu kwa skrabu "itoke hii weusi". Nikamwambia hebu panda kitini nione. Mabaka madogo madogo ya mraba kuanzia kwenye ugoko mpaka karibu na goti, yamejipanga kama chapa ya pasi, ukubwa mmoja yote, hiyo ni alama ya kichwa cha mashine kabisa. Kumbe alifanya leza, wikendi hiyo hiyo wakaenda bichi na wenzake wakashinda majini. Kliniki hawakumuuliza chochote kuhusu jua, wala hawakumwambia ni mashine gani. Nikakataa kumsugua, nikamwambia nenda kwa daktari wa ngozi mdogo wangu, sio kwangu na sio kwenye duka la mkorogo. Maana ndo kinachofuata, mtu akipata baka anakimbilia krimu ya kung'arisha, ngozi inazidi kuwa dhaifu kwa jua, baka linazidi.

Na hapo kwenye mashine naomba niseme kidogo maana ni muhimu kuliko hata miezi. Kwa ngozi nyeusi kama zetu inayofaa zaidi ni ile leza inayoitwa Nd:YAG, mwanga wake una wimbi refu la nanomita 1064, haushikwi sana na rangi ya ngozi, unapita na kuingia chini kwenye shina. Ile leza ya aleksandraiti ya nanomita 755 ni nzuri kwa weupe. Afu kuna IPL ambayo wala sio leza, ni mwanga wa kumulika tu, lakini tangazo linaandika leza. Uliza kabla hujalipia, wakijikanyaga ondoka zako. Na nywele za mvi msiwapelekee, hazina rangi ya kushikwa na leza.

Ma bi harusi nao wana mambo yao. Kwetu pwani bibi harusi anasingwa, yaani anasuguliwa mwili kwa singo wiki nzima, na kabla ya hapo anatolewa nywele kwa sukari na ndimu. Sasa anakuja bi harusi anataka vyote, leza Jumatatu, singo Jumatano. Mwanangu, ngozi iliyotoka kwenye leza haisuguliwi, na waksi au uzi ukifanya ndani ya wiki 4 kabla umeng'oa shina lenyewe, leza itakamata nini? Kunyoa kwa wembe ruksa, kwa sababu shina linabaki. Na ndimu ikibaki kwenye ngozi ukatoka nayo juani inaunguza yenyewe, leza ipo haipo.

Kuna wenye nafuu lakini. Anayevaa buibui miguu yake haioni jua mwaka mzima, huyo aanze mwezi wowote, cha kuangalia ni uso na mikono tu. Kwapa hivyo hivyo, halina jua, ingawa Februari kwapa la Dar linavuja jasho kutwa na baada ya leza hutakiwi kupaka diodoranti siku ile wala kufanya mazoezi ya kutoa jasho, vinginevyo vipele. Na wanaume wenye vipele vya ndevu msijifiche, leza inawasaidia sana, ila dereva wa bodaboda anayeshinda juani saa kumi kwa siku, uso wake ni wa kupangwa vizuri, asidanganywe na nusu bei.

Ninachoomba, Mhariri, kurasa zenu za afya wamlete daktari wa ngozi aeleze haya kabla ya Novemba sio baada, na wenye kliniki wakitangaza waandike aina ya mashine na miezi inayohitajika, sio "mara moja tu zimeisha" maana hata wenzetu Marekani, FDA (mamlaka yao ya chakula na dawa) wanaita kupungua kwa kudumu, hawasemi zinaisha zote.

Kwa wenye harusi za Desemba hii ambao hawajaanza, leza iacheni mpaka Aprili, njooni tufanye sukari (ndio, navuta kwangu, biashara ni biashara), ila ndimu ikamuliwe ndani na mnawe kabla hamjatoka.

Mama wa waksi,
Sinza, Dar es Salaam