Barua ya wazi kwa Brad Holmes: raundi ya tatu umeiuza miaka mitatu mfululizo

Grand Rapids, Michigan
Septemba 2025

Kwa Bwana Brad Holmes,
Meneja Mkuu, Detroit Lions

Bwana Holmes,

Salamu kutoka huku magharibi, mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari hadi uwanjani kwako. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayobishania mpira, huu wa Kimarekani wa kushika mikononi. Mjini kwetu tuko Wakongo wengi, na wengi wetu tulipitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Jumapili utatukuta tumebanana sebuleni kwa mtu, jezi za buluu, watoto wakitueleza kwa nini refa karusha kitambaa cha njano. Ukikosa wa kukusomea barua hii, wao wapo.

Nianze na shukrani. Ulipokabidhiwa timu Januari 2021, Matthew Stafford, kotabeki wetu, yaani mrusha mipira mkuu, alikuwa ameshaomba kuondoka. Ukampeleka Los Angeles kwa Rams, ukarudi na kotabeki wao Jared Goff pamoja na nafasi tatu za drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji wapya: moja ya raundi ya tatu na mbili za raundi ya kwanza. Ya mwisho kati ya hizo iliangukia namba 6 mwaka 2023, na hukuitumia. Uliwapa Arizona namba 6 na 81, wao wakakupa 12, 34 na 168. Kwa 12 ukamchukua Jahmyr Gibbs, kwa 34 Sam LaPorta. Usiku ule wachambuzi walikukaanga: nani siku hizi anatumia raundi ya kwanza kwa mkimbiaji? LaPorta akadaka mipira 86 msimu wake wa kwanza, na wakati huo hakuna mgeni, yaani mchezaji wa msimu wa kwanza, wa nafasi yake aliyewahi kufika hapo. Gibbs akafunga tachidauni 20, yale mabao ya kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, mwaka 2024. Na Januari 2024 Stafford mwenyewe alikuja Ford Field na Rams yake, tukamfunga 24–23. Ushindi wetu wa mwisho wa mtoano kabla ya huo ulikuwa wa Januari 1992. Kazini kwetu kuna mzee ambaye kesho yake hakuweza kuisimulia mechi mpaka mwisho. Kila akifika robo ya nne sauti inakatika.

Kwa hiyo hizi alama zinazotolewa asubuhi baada ya drafti, huyu B, yule C, mimi sizisomi. Kama zingekuwa na maana ungekuwa umeshafukuzwa.

Sasa niwaeleze kidogo wenzangu ambao drafti kwao ni ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Hii ya NFL, ligi kuu ya mpira huu, ina raundi 7. Timu 32 zinapokezana kuchagua vijana, karibu wote kutoka vyuoni, na iliyofanya vibaya msimu uliopita ndiyo inayoanza. Aprili mwaka huu, kule Green Bay, walichaguliwa vijana 257. Nafasi ya kuchagua ni mali: unaweza kuiuza, kuibadilisha, hata kuweka rehani ile ya mwaka ambao haujafika.

Lakini vizibo navyo vinanisaidia kusema nilichokuja nacho. Nyarugusu palikuwa na fundi baiskeli aliyetufunga kila siku kwa ujanja mmoja. Anakulisha kete moja, wewe unaikimbilia kwa uchu, yeye anakula mbili anaingia kingi, halafu anaendelea kuziba pancha kana kwamba hakuna kilichotokea. Ile ya Arizona ulicheza kama yule fundi. Aprili mwaka huu ulicheza kama mimi.

Usiku wa Ijumaa ile ya drafti nilikuwa zamu, kiwanda cha viti vya ofisini, simu imeegemezwa kwenye kopo la skrubu. Lions hatukuwa na zamu ya karibu ya kuchagua. Ghafla jina letu likatokea namba 70, nafasi ya Jacksonville. Isaac TeSlaa, mpokeaji wa pasi, Chuo Kikuu cha Arkansas. Mwenzangu wa mashine ya pili ni mzaliwa wa Hudsonville, alikokulia TeSlaa, hapo tu jirani na sisi. Alipiga yowe mpaka msimamizi akaja mbio akidhani kuna mtu amebanwa mkono. Nikamkumbatia, nikafurahi naye. Baada ya kama dakika kumi ikaja bei.

Namba 102 ya mwaka huu. Raundi ya tatu ya 2026. Na raundi nyingine ya tatu ya 2026. Tulichorudishiwa pamoja na TeSlaa ni namba 182 na nafasi ya raundi ya sita mwakani.

Bwana Holmes, sina ugomvi na kijana. Ana urefu, ana mbio, mikono yake ni gundi, na alianzia chuo kidogo cha Hillsdale kabla ya kwenda kupambana na wakubwa. Kilichonikosesha usingizi mchana wake ni hesabu ya raundi ya tatu. Mwaka 2024 hukuwa na chaguo lolote katika raundi hiyo, kwa sababu namba 73 uliwapa Dallas ili upande kutoka 29 hadi 24 kumchukua Terrion Arnold. Ya mwaka 2025 uliwapa Jets mwaka mmoja kabla, upate namba 126 na Giovanni Manu, jitu la Tonga lililosoma British Columbia, ambaye hadi leo tunamsikia zaidi kuliko kumwona. Hiyo 102 yenyewe ilikuwa ya bure. Jets walipomchukua Aaron Glenn, kocha wetu wa ulinzi, awe kocha wao mkuu, kanuni ya ligi inayozituza timu zilizowalea makocha wa jamii za wachache ilikupa nafasi mbili mwishoni mwa raundi ya tatu, moja mwaka huu na moja mwakani. Zawadi ya Glenn umeimaliza yote kwa usiku mmoja, ukatia juu yake na ya kwetu wenyewe.

Miaka mitatu, na ukimtoa TeSlaa aliyenunuliwa kwa bei hiyo, raundi nzima imekwenda kwa wengine. Nayo ndiyo iliyokuwa shamba lako! Alim McNeill ulimtoa namba 72. Kerby Joseph namba 97, na mwaka 2024 akaongoza ligi nzima kwa kunasa mipira 9 ya adui. Hatua chache tu chini ya hapo, namba 112, ulimwokota Amon-Ra St. Brown, ambaye mpaka leo anaweza kukutajia kwa majina wapokeaji 16 waliochaguliwa kabla yake.

Najua utaniuliza kuhusu Hendon Hooker, namba 68, ambaye mwezi uliopita umemwacha kabla hajaanza hata mechi moja ya ligi. Na Brodric Martin, namba 96, uliyetoa nafasi tatu kumfuata, mechi zake za msimu unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ifeatu Melifonwu, namba 101, alikuwa mzuri kila alipokuwa mzima, na hakuwa mzima mara nyingi. Sawa. Watano, wawili wamekuwa nguzo. Mimi nasema wawili kati ya watano ni mavuno makubwa sana huko chini, ila unayapata ukiwa umepanda watano. Ukipanda mmoja kwa mbegu za watatu, umeacha kilimo umeanza kamari.

Kuna na suala la pesa. Mgeni wa raundi ya tatu anakugharimu dola milioni sita na ushee kwa miaka minne yote. Joseph sasa mkataba wake mpya umepita milioni 80, St. Brown 120, Penei Sewell 112, Goff zaidi ya 200. Dari la mishahara ya timu nzima mwaka huu wa 2025 ni dola milioni 279.2. Aidan Hutchinson, hadi naandika haya, hujamalizana naye, na nyuma yake wako Gibbs, LaPorta na Brian Branch wamepanga foleni. Timu yenye mabwana wengi namna hii inahitaji vijana wa bei ndogo wanaoweza kucheza, na hao ndio wa raundi ya tatu. Hata TeSlaa mwenyewe ni rahisi kwa mshahara. Ghali ni mlango aliopitia.

Nimeliona bao la TeSlaa kule Green Bay, usidhani sikuliona. Mkono mmoja, mwili umelala hewani, miguu ndani ya mstari. Mwenzangu amenitumia video yake mara nne. Lakini ubao ulikuwa unasomeka 27–6 kwao, imebaki chini ya dakika moja. Na mchezo wenyewe ulikuwa umeshatuonyesha shida iko wapi: mstari wetu wa mbele, wale wanaomkinga kotabeki. Frank Ragnow kastaafu, Kevin Zeitler kaondoka, na Tate Ratledge na Christian Mahogany wanajifunza kazi mbele ya watu wenye njaa. Mmoja wa hao wenye njaa ni Micah Parsons. Packers, hao hao wa Green Bay, walimnunua siku chache kabla ya msimu kwa Kenny Clark na raundi za kwanza mbili. Ni bei ya kutisha. Ila walimnunua mtu ambaye kila mmoja kwenye ligi anajua anachofanya, na katika mchezo huo alimwangusha Goff. Ukiamua kula mbegu za mwakani, basi ule kitu ulichokwisha kukionja.

Na wewe, mtu wa kumwangusha kotabeki wa wenzetu tulikuwa tunamlilia tangu Hutchinson avunjike mguu Oktoba 2024. Ulisubiri hadi namba 196, ukamchukua Ahmed Hassanein, kijana aliyekulia Cairo. Kwangu mimi Mwafrika ni fahari tupu, lakini fahari haimfikii kotabeki wa Washington. Hao walitufunga 45–31 nyumbani, baada ya msimu wetu wa ushindi 15. Hatukupoteza ile mechi kwa kukosa mpokeaji wa nne.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna anayejua kuokota kama wewe. Kila Agosti unapunguza watu kutoka 90 hadi 53, na kila mwaka kuna ambaye hakuitwa na yeyote katika drafti anabaki. Desemba 2022, ugenini kwa Jets, zimebaki dakika mbili, tuko nyuma, jaribio la nne na la mwisho: Goff akamtupia Brock Wright, naye akaondoka nao yadi 51 hadi ndani. Wright hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2021. San Francisco walipomtaka mwaka 2024, ulilipa dau lao ukambakiza.

Halafu Jake Bates, mpigaji wetu wa mipira ya mguu. Huyu nampenda kupita kiasi, na sababu unaijua: chuoni alicheza soka, hili letu la mguu, kisha akawa anauza matofali Houston. Machi 2024, akiwa na Michigan Panthers, timu ya ligi ndogo, alipiga mpira yadi 64 ndani ya Ford Field, yaani sebuleni kwako. Ukamsajili bila kutoa nafasi hata moja. Novemba mkarudi naye Houston, mji wa matofali yake; akasawazisha kwa yadi 58, akamaliza kwa yadi 52, 26–23. Watoto walilala sebuleni usiku ule, na mimi nilichelewa kazini kwa dakika arobaini. Mtu mwenye jicho la namna hii anakwenda kumlipa Jacksonville nafasi tatu kwa mpokeaji mmoja? Najua ulihofia timu nyingine ingemwahi. Labda ingemwahi. Basi angekwenda, na wewe ungerudi kuokota.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Drafti ijayo ni Pittsburgh, Aprili. Ijumaa ile, raundi ya tatu ikianza, hutakuwa na kitu mezani na simu zitaita, watu watakutajia majina matamu. Zile za 2027 usiziguse. Ukilazimika kusogea, sogea chini, kama ulivyosogea kutoka 6 hadi 12.

Mimi na mwenzangu wa Hudsonville tumeshawekeana dau. TeSlaa akifikisha tachidauni sita msimu huu, nitawapikia zamu nzima ugali na samaki wa kukaanga. Asipofikisha, yeye ataleta pizza na atakiri mbele ya msimamizi kwamba bei ilikuwa kubwa. Jana ameniuliza kama ugali unaliwa kwa uma.

Wako,
Shabiki wa mashine ya kwanza, zamu ya usiku