Malalamiko kuhusu pakiti ya mbegu za "Nyanya ya Njano": dai la asidi, aina isiyotajwa na maelekezo yanayopingana

Kwa Meneja wa Ubora,
Idara ya Mbegu za Mboga.

Ndugu Meneja,

YAH: MAELEKEZO YASIYO SAHIHI KWENYE PAKITI YA MBEGU ZA NYANYA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wateja wenu tunaolima nyanya kwenye bustani za nyumbani. Pakiti tunayoilalamikia ina picha ya nyanya ndogo zenye umbo la peasi na maandishi "Nyanya ya Njano, isiyo na asidi". Tunaanza na dai hilo la asidi kwa sababu ndilo linaloweza kumuua mtu.

Nyuma ya pakiti mmeandika kwamba nyanya hizi zinaweza kuhifadhiwa kwenye chupa bila kuongeza limau "kwa kuwa asidi yake ni ndogo". Hapo mambo yamegeuzwa juu chini. Asidi ndiyo inayolinda nyanya ya chupa. Bakteria wa Clostridium botulinum hukua na kutoa sumu mahali pasipo na hewa iwapo pH ya chakula (kipimo cha asidi, ambapo namba kubwa ni asidi ndogo) imezidi 4.6, na spora zake, yaani chembe ngumu za kuzaliana, haziuawi na maji yanayochemka. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji. Kwa hiyo, kama nyanya zenu zingekuwa na asidi ndogo kweli, ndizo zingehitaji limau zaidi.

Na kweli yenyewe ni kwamba rangi haipimi asidi. Nyanya nyingi za njano huonekana tamu kwa sababu ulimi huhisi uwiano wa sukari na asidi. Tunda lenye sukari ya kutosha hufunika ukali hata kama asidi yake ni ileile ya tunda jekundu. Zipo nyanya nyekundu na za njano zinazovuka pH 4.6, hasa zikiiva kupita kiasi. Ndiyo maana mwongozo wa Idara ya Kilimo ya Marekani hautofautishi rangi: kila chupa ya takriban lita moja hutiwa vijiko vikubwa 2 vya maji ya limau ya dukani, au nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, kisha huchemshwa kwa muda kamili uliopangwa. Limau la kukamua nyumbani halifai kwa kazi hii, kwa kuwa ukali wake hubadilika tunda hadi tunda. Maneno yale yafuteni kwanza, kabla ya kushughulikia jambo lingine lolote katika barua hii.

Lalamiko la pili ni jina. "Nyanya ya Njano" ni rangi tu, na chini ya rangi hiyo kuna mimea isiyofanana kabisa. Yellow Pear ni aina ndefu: shina halikomi kurefuka na hupita mita 2 likiegemezwa vizuri. Taxi ni aina fupi, hufika kimo chake, hutoa matunda mengi kwa muda mfupi na kuishia hapo. Gold Nugget, iliyozalishwa na James Baggett wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, nayo ni fupi, lakini matunda yake ni madogo ya mviringo. Lemon Boy ni chotara ndefu yenye matunda makubwa. Mkulima asiyejua ameshika ipi hawezi kupanga nafasi, miti ya kuegemeza wala upogoaji.

Maelekezo yenu yanazidisha tatizo. Mmesema mche uwekewe kijiti cha sentimita 60, jambo linalofaa aina fupi. Mstari unaofuata unaagiza machipukizi yote ya pembeni yaondolewe na libakizwe shina moja, jambo linalofaa aina ndefu. Hakuna nyanya inayotaka yote mawili. Aina fupi ikipogolewa hivyo, huharibika. Kila shina lake hukoma kwa kishada cha maua, na sehemu kubwa ya mavuno hutoka kwenye hayohayo machipukizi mliyoagiza yakatwe. Mkulima hubaki na vishada vichache na majani haba, na matunda hubabuka kwa jua. Kwa aina ndefu, kijiti cha sentimita 60 huzidiwa mapema, mmea huanguka, na majani yanayogusa udongo uliolowa hupata ugonjwa wa bakajani.

Tumechunguza mimea yenyewe. Aina ndefu kwa kawaida huwa na majani matatu hivi kati ya kishada na kishada, na ncha yake huendelea kukua. Aina fupi huwa na jani moja au mawili, kisha ncha hufungwa na maua. Mbegu za loti hii (fungu lililofungashwa pamoja) zimetoa mimea mirefu. Maelekezo sahihi basi yangekuwa: nguzo za mita 1.8 hadi 2. Sentimita 45 kati ya mche na mche kwa mwenye kubakiza shina moja, au 75 hadi 90 kwa mwenye kuacha mashina matatu au zaidi. Machipukizi yaondolewe kwa vidole yakiwa mafupi kuliko kidole, asubuhi majani yakiwa makavu.

Kuhusu kuvuna, pakiti inasema "subiri wekundu ukolee". Sentensi hiyo bila shaka imenakiliwa kutoka pakiti nyingine, na inaudhi, kwa maana kujua wakati wa kuvuna ndiyo sehemu ngumu zaidi ya nyanya ya njano. Mabadiliko yake hayapigi kelele machoni. Tunda hutoka kijani kibichi, likawa na weupe wa limau kuanzia kitakoni, kisha likafika dhahabu. Likishikwa linapokuwa na rangi ya limau huwa gumu na ladha yake bado haijakomaa. Lililoiva hubonyea kidogo na huachia kwenye kifundo cha kikonyo bila kuvutwa. Likicheleweshwa hapo, hasa hizi za umbo la peasi, nyama huwa ya ungaunga.

Baadhi ya mimea imetoa matunda mekundu. Njano ya kawaida ya nyanya ni sifa fiche: lazima irithiwe pande zote mbili, hivyo mbegu safi haiwezi kuleta wekundu. Ama mbegu zimechanganyika wakati wa kufungasha, ama chavua ya nyanya nyekundu ilifika kwenye shamba lenu la mbegu. Kipimo kipo. Pandeni mbegu za tunda hilo jekundu zilizojichavusha zenyewe. Ikiwa ni chavua ya nje, karibu robo ya watoto watakuwa wa njano. Ikiwa mbegu zilichanganyika tu, wote watakuwa wekundu.

Yapo pia madogo mawili. Kina cha kusia cha sentimita 3 ni kikubwa mno kwa mbegu ya nyanya. Nusu hadi sentimita 1 yatosha, na kwenye joto la nyuzi 20 hadi 27 huota ndani ya siku 5 hadi 10. Na kuoza kitako cha tunda hakutibiwi kwa dawa ya ukungu kama mlivyoandika, kwani si ukungu. Ni kalisiamu kushindwa kufika kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu udongo unakaushwa kisha kuloweshwa ghafla. Dawa yake ni matandazo na maji ya kipimo kimoja, takriban lita 25 kwa mita moja ya mraba kwa wiki, zaidi kukiwa na joto kali.

Tunaomba mtangaze kwa walionunua loti hii kwamba ushauri wa kuhifadhi bila limau umefutwa. Tunaomba pia pakiti mpya zitaje jina la aina, kama ni ndefu au fupi, na kama ni chotara au la, ili mtu ajue kama afaa kutunza mbegu. Mwisho, tupeni mbegu mbadala zilizopimwa usafi wake.

Tumeambatisha picha za pakiti pande zote mbili zikionyesha namba ya loti, picha za matunda mekundu, na mbegu zilizobaki kwa ajili ya kipimo.

Wenu,
Wakulima wa bustani za nyumbani, wateja wenu.